Ndoa Inayopimwa kwa Hati ya Mshahara

Mimi ni karani wa mishahara katika kiwanda cha kufungasha vyakula hapa Leicester, katikati ya Uingereza. Kwetu ni Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ni kukusanya saa walizofanya watu, kukata kodi na bima ya taifa, na kuhakikisha kila mmoja amepata haki yake mwisho wa mwezi. Sikusomea sheria, wala si kadhi. Lakini mfanyakazi mwenzangu akitaka kumleta mke kutoka Likoni au mume kutoka Moshi, hupita kwanza kwenye dirisha langu kabla ya kwenda kwa wakili. Hajakosea njia. Swali la kwanza la sheria ya nchi hii ni mdhamini analipwa kiasi gani, na jibu lake nalichapisha mimi.

Makala haya nawaandikia zaidi wale walioko nyumbani wanaosubiri. Huko mtu huambiwa kwenye simu kwamba "karatasi bado hazijakamilika", mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, akaanza kuhisi anazungushwa. Wapo kweli wanaozungushwa. Lakini wengi ninaowaona dirishani wamekwama kwenye hesabu ambayo wanaona haya kuieleza kwa wakwe.

Pauni 29,000

Tangu tarehe 11 Aprili 2024, anayetaka kumdhamini mwenza wake anatakiwa kuonyesha mapato ya angalau pauni 29,000 kwa mwaka, kabla ya makato. Mdhamini mwenyewe awe raia wa Uingereza, au mwenye ukaazi wa kudumu, au mkimbizi aliyekwisha kukubaliwa. Yapo na makundi mengine machache. Mwombaji akiwa bado yuko nje ya Uingereza, mshahara anaolipwa huko hauingii kwenye hesabu. Mke anaweza kuwa mkuu wa tawi la benki jijini Nairobi, na kipato chake kikawa sifuri mbele ya afisa wa viza.

Sasa tuishike kalamu. Kima cha chini cha mshahara hapa kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025. Mtu akifanya saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, anapata pauni 25,396. Anapungukiwa na pauni 3,600 na ushei. Hata kwa kima cha Aprili 2026, pauni 12.71, saa hizo hizo zinatoa pauni 26,436, na bado hafiki. Kwa maneno mengine, mtu anayefanya kazi wiki nzima, asiyekosa hata siku moja, anayelipwa sawasawa na sheria ilivyoagiza, sheria nyingine inamwambia hana uwezo wa kuishi na mkewe.

Ndiyo maana kiwandani kwetu kuna watu wanaogombea zamu za usiku na za Jumapili. Wasiowajua huwaita wachoyo wa fedha. Mimi ninayepitisha saa zao najua wanachokitafuta ni pauni hizo zinazopungua.

Kanuni zilikotoka

Mji huu una historia yake na watu wa kwetu. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije hapa. Walikuja kwa maelfu, na ukipita leo barabara ya Belgrave unaweza kukutana na mzee wa Kigujarati anayekuuliza habari za kwenu kwa Kiswahili cha Kampala. Tangu zamani hizo, milango ya familia imekuwa ikifunguliwa na kufungwa kulingana na serikali iliyopo.

Katika miaka ya 1980 ilikuwapo kanuni iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake si kuhamia Uingereza. Kuthibitisha jambo lisilokuwapo ni kazi ngumu, na wengi walikataliwa. Wakati huo huo, wanaume waliokaa hapa waliweza kuwaleta wake zao kwa urahisi kuliko wanawake kuwaleta waume. Mwaka 1985 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, iliamua kwamba huo ni ubaguzi wa kijinsia. Serikali ilitii kwa namna yake: iliwabana wanaume kama ilivyowabana wanawake. Kanuni ya lengo kuu ilifutwa mwaka 1997.

Kiwango cha mapato kikaja Julai 2012, Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani. Kilianza na pauni 18,600 kwa mwenza peke yake, kikapanda kwa pauni 3,800 akiwapo mtoto mmoja na pauni 2,400 kwa kila mtoto anayefuata. Muda wa kusubiri ukaazi wa kudumu ukarefushwa kutoka miaka 2 hadi 5. Familia zilikwenda mahakamani, na tarehe 22 Februari 2017 Mahakama ya Juu ikasema kiwango chenyewe ni halali, ila serikali haikuzingatia vya kutosha maslahi ya watoto, wala haikupaswa kufumba macho kwa vyanzo vingine vya fedha pale ambapo kukataa kungeumiza familia kupita kiasi. Kanuni zikarekebishwa mwaka huo, na mlango huo mdogo upo mpaka leo kwa kesi za kipekee.

Desemba 2023 serikali ikatangaza kupandisha kiwango hadi pauni 38,700, kwa hatua. Hatua ya kwanza ndiyo hii ya 29,000. Kabla ya hatua ya pili, serikali ilibadilika. Chama cha Labour kilisimamisha upandishaji Julai 2024 na kuiomba kamati ya ushauri wa uhamiaji ilipime suala zima. Kamati ilitoa ripoti Juni 2025, ikaonya kwamba kiwango cha 38,700 kingeweza kugongana na haki ya maisha ya familia, na ikaonyesha kuwa hata kiwango cha kati ya pauni 23,000 na 25,000 kingetosha ikiwa shabaha ni familia iweze kujikimu. Kiwango hakikushushwa baada ya ripoti hiyo.

Katika historia yote hii, jambo la kulishika ni tarehe. Aliyepata viza yake ya kwanza ya mwenza kwa ombi la kabla ya tarehe 11 Aprili 2024, akaendelea na mwenza yule yule, hupimwa kwa kanuni za zamani mpaka afike kwenye ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo katika mstari mmoja wa mashine kiwandani unaweza kukuta watu wawili wenye mshahara sawa. Wa kwanza aliomba Machi 2024, na leo mkewe yuko hapa anampeleka mtoto shule. Wa pili alipeleka posa mwezi mmoja baadaye, na mkewe bado yuko kwao.

Afisa anavyousoma mshahara

Mtu akipokea hati ya mshahara huangalia chini, kwenye fedha zinazoingia mfukoni. Afisa wa viza huangalia juu, kwenye jumla ya kabla ya makato. Aliyekaa na mwajiri mmoja miezi sita au zaidi hutoa hati za miezi sita. Kama ana mshahara uliopangwa kwa mwaka, kinachohesabiwa ni kile kiwango cha chini kabisa alicholipwa ndani ya miezi hiyo. Anayelipwa kwa saa, kama wengi wetu, huchukuliwa wastani wa miezi sita na kukokotolewa kwa mwaka. Ovataimu inaingia, mradi ionekane kwenye hati.

Kijana mmoja wa Moshi alipandishwa cheo akawa msimamizi wa zamu. Alikuja kwangu akicheka.

"Kaka, mwezi uliopita nimefika elfu ishirini na tisa na mia tano kwa mwaka. Nimwambie mama watoto akate tiketi?"

"Mwambie asubiri. Miezi sita ya mshahara huu huu, ndipo uombe."

"Lakini barua ya kupandishwa si ninayo?"

"Barua inasema utalipwa. Wao wanataka kuona umelipwa."

Alinuna kidogo, lakini alisubiri. Aliyebadilisha mwajiri karibuni ana mlima zaidi, maana huangaliwa mshahara wake wa sasa na pia alichokipata katika miezi 12 iliyopita. Kuhama kazi kwa ajili ya senti chache wakati unajiandaa kuomba viza kunaweza kukurudisha nyuma.

Kisha kuna benki. Fedha zilizoandikwa kwenye hati lazima zionekane zikiingia kwenye akaunti ya mdhamini, mwezi kwa mwezi. Dada mmoja hapa husuka nywele mwishoni mwa wiki, na kwa hesabu yangu kipato chake kinavuka kiwango vizuri. Lakini wateja humlipa mkononi, na fedha ya mkononi isiyo na hati wala kodi haimo kwenye macho ya sheria. Hati ya karibuni kabisa nayo isiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku ya kutuma ombi. Kwa hiyo ukikusanya kila kitu halafu ukakaa nacho miezi miwili ukingoja cheti kimoja, unaanza upya.

Mwisho huja barua ya mwajiri, ambayo naiandika mimi na meneja anaitia sahihi. Inataja mtu ameajiriwa tangu lini, kwa mkataba wa aina gani, analipwa kiasi gani na tangu lini analipwa kiasi hicho. Barua ikisema jambo moja na hati jambo lingine, mwombaji ndiye anayebeba mzigo.

Mapengo huweza kuzibwa kwa akiba, ila kwa bei kali. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi kabisa. Juu ya hapo, unatakiwa uwe na mara mbili na nusu ya kile unachopungukiwa. Yule wa pauni 25,396 anahitaji akiba ya takriban pauni 25,000 kuziba pengo la 3,600. Asiye na mshahara wowote anahitaji 88,500. Fedha hizo ziwe zimelala kwenye akaunti yenu miezi sita. Zawadi ya ndugu inakubalika, mkopo haukubaliki. Ukoo unaoweza kuchangia harusi ya watu mia tano ukitaka kumsaidia bwana harusi kweli, ufikirie jambo hili mapema.

Yako pia makundi yasiyobanwa na pauni 29,000. Mdhamini anayepokea malipo fulani ya serikali kwa sababu ya ulemavu, au kwa sababu anamtunza mlemavu, hupimwa kwa njia nyepesi zaidi: je, familia inaweza kujikimu bila msaada wa ziada?

Cheti, lugha na gharama

Upande wa nyumbani una kazi yake. Wawili wawe wametimiza miaka 18 na wawe wamewahi kuonana ana kwa ana. Ndoa iwe halali mahali ilipofungwa, na iwe na cheti. Nikah iliyofungwa sebuleni mbele ya mashahidi inatosha kwa Mungu, lakini afisa anataka cheti kilichosajiliwa. Nchini Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu na za kimila zikiwamo. Tanzania Bara usajili unasimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mke wa pili hapewi viza hii ikiwa mke mwingine wa mume huyo ameshawahi kuingia Uingereza kwa nafasi hiyo.

Mwombaji kutoka Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji pia cheti cha kupima kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na mtihani wa Kiingereza cha kuongea na kusikiliza cha ngazi ya chini kabisa, A1. Aliyesoma shahada kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala ya mtihani. Ushahidi wa uhusiano hauhitaji albamu tatu za harusi. Risiti za fedha zilizotumwa kwa simu, tiketi za ndege na mazungumzo ya miaka vinaonyesha zaidi kuliko keki.

Gharama ndiyo huwashtua wengi. Kwa ada zilizoanza Aprili 2025, ombi kutoka nje lilikuwa pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, inayolipwa kwa mkupuo: pauni 3,105 kwa viza ya kwanza ya miezi 33. Viza hiyo ikikaribia kwisha, unaomba nyongeza ya miezi 30, ambayo ada yake ilikuwa pauni 1,321, pamoja na tozo ya afya ya 2,587.50, na Kiingereza kipande hadi A2. Miaka 5 ikitimia unaomba ukaazi wa kudumu, ambao ada yake ilikuwa pauni 3,029, kwa Kiingereza cha B1, na mtihani wa maisha ya Uingereza wenye maswali 24, ambao mwenye kupata 18 amefaulu. Jumlisha kwa ada hizo: karibu pauni 12,000 kwa mtu mmoja, kabla ya wakili, nauli na koti la baridi. Na katika miaka hiyo yote mhusika hana haki ya kupokea ruzuku nyingi za serikali.

Watoto na wazazi

Mtoto awe chini ya miaka 18 siku ombi linapotumwa. Kwa kanuni mpya hakuna nyongeza ya mapato kwa ajili ya watoto, jambo lililowapa nafuu kidogo wenye familia kubwa. Ugumu uko kwa mzazi anayemleta mtoto peke yake wakati mzazi wa pili yuko hai huko nyumbani. Sheria inataka aonyeshe kwamba malezi ya mtoto yalikuwa mikononi mwake peke yake, au kwamba zipo sababu nzito sana. Kwetu mtoto hulelewa na bibi, shangazi analipa karo na baba anapiga simu sikukuu. Mama aliyeko Leicester aweke kila ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeamua shule, hospitali na makazi. Kutuma fedha peke yake hakutoshi.

Kuhusu wazazi wetu wazee, niseme wazi ili mtu asipoteze fedha. Tangu 2012, mzazi hukubaliwa tu ikiwa uzee, ugonjwa au ulemavu umemfanya ahitaji kuhudumiwa kwa muda mrefu katika mambo ya kila siku, na huduma hiyo haipatikani nchini kwake hata kwa msaada wa fedha za mtoto. Mwenye kipato cha kumdhamini mama yake huambiwa kwamba kwa kipato hicho hicho anaweza kumwajiria mtu wa kumtunza Mombasa. Mlango huo kwenye kitabu upo, lakini wanaopita ni wachache.

Milango iliyofungwa karibuni

Wengi wa nyumbani huchanganya njia, kwa hiyo tuzitenganishe. Wahudumu wa wazee waliokuja kwa viza za kazi walizuiwa kuleta wake, waume na watoto kuanzia tarehe 11 Machi 2024, na tangu Julai 2025 waajiri hawawezi tena kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Wanafunzi wengi walizuiwa kuleta familia kuanzia Januari 2024; waliobaki na ruhusa hasa ni wa shahada za utafiti. Wakimbizi, wakiwamo ndugu zetu kutoka Kongo na Somalia, walikuwa na haki ya kuwaita mke au mume na watoto wadogo bila ada na bila kiwango cha mapato. Maombi mapya ya njia hiyo yalisimamishwa Septemba 2025, na mkimbizi akaelekezwa kwenye foleni ile ile ya pauni 29,000.

Mbele kuna mabadiliko zaidi. Mei 2025 serikali ilitangaza mpango wa kurefusha muda wa kawaida wa kupata ukaazi wa kudumu kutoka miaka 5 hadi 10. Wenza wa raia wa Uingereza waliahidiwa kubaki kwenye miaka 5. Ahadi hiyo imetaja raia, na hapa Watanzania wawe macho. Katiba ya Kenya ya 2010 iliruhusu uraia pacha, lakini Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa Uingereza hupoteza wa kwao, na kwa sababu hiyo wengi wao huishia kwenye ukaazi wa kudumu. Ukaazi huo unatosha kumdhamini mwenza, lakini hupotea mtu akikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka 2 mfululizo.

Neno kwa wanaosubiri na wanaosubiriwa

Kutoa ushauri wa uhamiaji hapa bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Mimi huishia kwenye mishahara, na mambo mengine namwelekeza mtu kwa wakili au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority. Dalali wa mitaani anayekwambia ana mtu wake ubalozini anataka fedha zako tu. Hati ya kughushi ikigunduliwa, inaweza kukufungia mlango kwa miaka 10.

Kwa wenzangu wa huku nina ombi moja. Mwonyeshe mwenzako hati yako ya mshahara. Ipige picha, mtumie, mweleze kila mstari: hizi ni saa, hii ni kodi, hiki ndicho kinachotakiwa, hiki ndicho kinachopungua. Nimeona ndoa zilizovunjika kwa sababu mume aliona ni aibu kusema anapungukiwa na pauni elfu tatu, mke akadhani ana mwingine. Umaskini wa mshahara wa kima cha chini haukuletwa na mtu anayeamka saa tisa usiku kwenda kiwandani, na hana sababu ya kuuficha.

Nawe uliyeko nyumbani, ukiambiwa usubiri, usiulize tu lini. Uliza kiasi gani, na ombi litatumwa tarehe ngapi. Mwenye nia ya kweli atakujibu kwa tarakimu.